Nani Atasoma? Hadithi, kaye na moyo wa mwanafunzi katika mashariki ya Kongo

Makala hii inatokana na kosa letu wenyewe, na ni vizuri tulieleze kosa lile mbele ya kuingia katika historia.

Baada ya vita, wengine kati yetu walifundisha katika sekondari moja ya mji wetu. Darasani walikaa watoto waliotoka vijiji vingi: wengine walikimbia pamoja na wazazi, wengine walikimbia bila wazazi. Walisikiliza, waliandika dikte, walijibu maswali ya jeografia, lakini walinyamaza kupita kiasi, ao walipigana kwa sababu ya biki iliyopotea. Tulishauriana, tukapatia kila mwanafunzi kaye moja mpya. Tukawaambia: kila siku ya tano, kwa robo saa, andikeni jambo lililofurahisha moyo wenu ao lililouumiza. Hakuna pointi, hakuna makosa.

Kijana mmoja aliandika juu ya usiku wa kukimbia na juu ya dada yake mdogo aliyebaki nyuma. Aliandika vizuri sana. Mmoja wetu, kwa kuipenda ile kazi, akaisoma mbele ya darasa lote iwe mfano. Hakutaja jina, lakini wote walijua ni nani. Wengine walicheka kwa haya, wengine waliinamisha vichwa. Kijana alikamata mfuko wake akatoka. Juma zima hakuonekana. Aliporudi alisema tu: "Mwalimu, ile maneno niliambia kaye. Sikuambia darasa." Tangu pale, kila siku ya tano aliandika tarehe, na chini yake maneno matatu: "Leo hakuna kitu."

Tulipeleka jambo hili kwa mzee mmoja wa chama chetu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Kumbe muliwaambia waandike nini. Muliwaambia nani atasoma?" Hatukuwa na jibu. Njo swali hilo lililotusukuma kutazama nyuma: wakubwa wetu walitumia maneno namna gani kwa kulea moyo wa kijana, na masikio gani waliyachagua kwa kupokea maneno yale?

1. Hadithi za usiku

Kwa makabila mengi ya kwetu hadithi ni kitu cha usiku. Mchana ni wa shamba, maji na kuni. Anayesimulia hadithi jua likiwaka anahesabiwa mvivu, na watoto waliogopeshwa kwamba jambo baya litawapata. Wengi wameona ndani ya katazo hili njia ya kulinda kazi tu. Sisi tunaona jambo lingine tena. Usiku watu wa nje wamekwenda kwao. Wanaobaki kando ya moto ni nyanya, wajukuu, shangazi, watoto wa jirani wanaojulikana. Masikio yamekwisha kuchaguliwa. Giza nalo linasaidia: mtoto anaweza kulia bila kutazamwa.

Katika hadithi ile hakuna anayesemwa kwa jina. Mtoto yatima anayenyimwa chakula na mke wa baba ni mtoto wa hadithi. Lakini kama katika nyumba ile kuna yatima, yeye anajua kwamba nyanya anaongea naye, na mke wa baba anajua vilevile. Hakuna aliyeaibishwa, na neno limefika. Kesho yake mtoto anaweza kuuliza: "Nyanya, yule yatima alifanya nini tena?" Anauliza juu yake mwenyewe kwa mdomo wa mwengine. Kazi hii ya kusema maumivu yako ukiwa umejifunika nguo ya mtu wa hadithi, wataalamu wa leo wanaifundisha katika semina. Nyanya zetu waliifanya huku wakichochea moto.

2. Mwindo, ao kijana aliyejifunza kuumia

Mfano mkubwa tunaoujua unatoka kwa Wanyanga wa Walikale. Ni utenzi wa Mwindo. Mwaka 1956 msimulizi Candi Rureke aliusimulia, akiuimba na kuucheza, kwa muda wa siku 12, na wasaidizi waliuandika kwa mkono. Daniel Biebuyck, Mbelgiji, na Kahombo Mateene, mwana-lugha na mtoto wa Wanyanga, waliuchapisha mwaka 1969. Rureke alieleza kwamba mbele ya pale hakuwa amewahi kuusimulia wote mfululizo. Kijijini ulisikiwa kipande kwa kipande, kila jioni sehemu yake.

Wengi wanaukumbuka Mwindo kwa nguvu zake: alizaliwa akitembea na kusema, na fimbo yake ya conga ilimtolea njia kila mahali. Lakini tuangalie mambo ya moyo. Baba yake, Shemwindo wa Tubondo, aliamuru wake zake wasizae watoto wanaume. Mwindo alipozaliwa, baba alijaribu kumwua: alimzika, kisha alimfungia ndani ya ngoma ikatupwa mtoni. Mtoto alikimbilia kwa shangazi yake Iyangura. Alirudi kwa vita, baba akakimbilia chini ya ardhi, na mwana akamfuata mpaka kule.

Je, baada ya mambo yale, mtoto anafanya nini na baba kama huyu? Hadithi haikukata njia fupi. Mwindo alimrudisha baba yake nyumbani, watu wakakusanyika, na mbele ya mkutano ule Shemwindo alikiri ubaya wake mwenyewe, kwa kinywa chake. Mtoto hakulazimishwa kunyamaza ati kwa sababu baba ni baba. Hakuacha vilevile hasira imtawale. Alisamehe baada ya kosa kusemwa.

Na habari haikuishia pale. Mwindo, sasa mtawala mwenye majivuno, aliua Kirimu, joka lililokuwa rafiki ya Nkuba, yaani Radi. Nkuba alimkamata akamchukua mbinguni, na kule kwa mwaka mzima alipigwa na baridi, mvua, mvua ya mawe na jua kali, bila fimbo ya kumsaidia. Aliporudi alikuwa mtu mwengine: alikatazwa kuua wanyama, na aliwapa watu wake sheria za kuishi pamoja vizuri. Shujaa wa mwisho wa hadithi ni yule aliyejua sasa baridi ni nini. Mwalimu anayetafuta kitabu cha kufundisha huruma, hasira na msamaha, asiende mbali.

3. Bwami na lukasa: neno lina mlango

Kwa Walega, mafundisho ya tabia njema yalipita kwa bwami. Mtu alipanda cheo kwa cheo, na kwa kila cheo alifundishwa kwa methali, nyimbo, michezo na vitu: vinyago vidogo, sanamu za mti na za pembe ya tembo. Sanamu nyingine zinaonyesha mtu mwenye tabia mbaya: mgomvi, mzinzi, asiyesikia. Mwanafunzi anaitazama, anasikia methali, na anajipima ndani yake. Mwalimu hakumnyooshea kidole mtu aliyekaa pale. Kidole kilienda kwa sanamu.

Tena, vitu vile havikuonyeshwa kwa kila mtu. Maana ya kitu ilikuwa na mlango wake, na mlango ule ulifunguliwa kwa aliyefika. Serikali ya wakoloni, ambayo iliogopa kila mkutano isiouelewa, ilikataza bwami mwaka 1948. Wakati ule sanamu nyingi zilikwenda Ulaya, na leo zinatazamwa ndani ya vioo bila methali zake.

Waluba wa Katanga nao walikuwa na lukasa, ubao wa mti unaokaa katika mkono, uliopambwa kwa ushanga na kauri. Watu wa chama cha Mbudye waliusoma kwa kupitisha kidole juu ya ushanga, wakikumbuka wafalme, safari na mafundisho ya utawala. Ni kumbukumbu iliyowekwa nje ya kichwa, karibu kama kaye. Lakini si kila mpita njia aliweza kuisoma. Aliisoma aliyefundishwa, na aliisoma kufuatana na watu waliokaa mbele yake.

Basi, mbele ya wino na karatasi, watu wa kwetu walikuwa na kanuni mbili: maumivu yasemwe kwa mdomo wa mtu wa hadithi, na neno zito lipewe masikio yaliyochaguliwa.

4. Kaye ya wakoloni

Kaye ilikuja na shule. Kwa mkataba wa 1906 kati ya Dola Huru la Kongo na Papa wa Roma, wamisionari wakatoliki walipewa udongo, nao wakapaswa kujenga shule. Kwa miaka mingi elimu ilibaki karibu yote mikononi mwa wamisionari, wakatoliki na waprotestanti. Shule za laiki za serikali kwa Wakongomani zilianza kufunguliwa tangu 1954.

Hatutaki kuzarau kazi ile. Wazee wetu wengi walijifunza kusoma pale, na Kiswahili cha vitabu kilienea kwetu sehemu kubwa kwa njia ya misioni. Lakini tukifunua kaye za zamani zinazobaki katika masanduku ya familia, tunaona nini? Dikte, hesabu, sala, mashairi ya Ufaransa yaliyonakiliwa kwa mwandiko mzuri, na pembeni wino mwekundu. Kila kurasa ilikuwa na msomaji mmoja anayejulikana mbele: mwalimu, na nyuma yake mkaguzi. Mtoto alijifunza kwamba kuandika ni kuonyesha kwa mkubwa kwamba hukukosea. Habari za moyo hazikuwa na mahali katika kaye ile.

Hata kwa watu wazima ilikuwa vile. Mwaka 1945 gazeti La Voix du Congolais lilianza kutoka Léopoldville, likiongozwa na Antoine-Roger Bolamba. Paul Lomami Tshibamba aliandika humo mwaka ule ule, akiuliza nafasi ya Wakongomani waliosoma itakuwa gani katika dunia inayokuja. Swali la haki, lililotoka moyoni. Lakini lilimletea mahojiano na mateso. Miaka mitatu baadaye, 1948, alitokea na Ngando, habari ya mtoto aliyekamatwa na mamba na ya ulimwengu wa roho za majini. Kitabu kile kilipata zawadi Ubelgiji. Tuone vizuri: mtu yule yule aliyeadhibiwa kwa kusema waziwazi, alisifiwa aliposema kwa njia ya hadithi. Kanuni ya nyanya ilikuwa bado inafanya kazi.

5. Watu walipojiandikia wenyewe

Hata hivyo watu walichukua kalamu wakaigeuza iwe yao. Mwaka 1965, katika Elisabethville, mji unaoitwa Lubumbashi tangu 1966, kilitoka kitabu kidogo chenye jina la Kifaransa, kikieleza "msamiati" wa mji ule. Kilitiwa sahihi na André Yav kwa ajili ya chama cha watumishi wa zamani wa nyumba za wazungu. Kiliandikwa kwa Kiswahili cha Katanga, kama kinavyosemwa, maneno yakifuata sikio na hayakufuata sarufi. Ndani yake, watu walioitwa "boyi" maisha yao yote walieleza historia ya mji, mishahara, mateso na heshima yao. Johannes Fabian alikichapisha tena mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na wataalamu walishangaa. Sisi tunashangaa jambo lingine: watumishi wale walijua wanamwandikia nani. Walijiandikia wao kwa wao. Njo maana hawakuogopa makosa ya kuandika.

Tena kuna Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Katanga aliyezaliwa 1947. Katika miaka ya 1973 na 1974 alichora historia ya nchi katika picha karibu 100 akizieleza kwa Kiswahili, na mwaka 1980 aliandika historia ya Zaïre kwa mkono wake. Hakuwa na diploma ya historia. Alikuwa na msikilizaji anayemwuliza na kungojea jibu, na hiyo ilitosha.

Kwa wanafunzi wa madarasa ya juu wanaosoma Kifaransa vizuri, V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi aliyefariki mwaka 2025, ametuachia riwaya zilizoandikwa kwa umbo la kaye ya siri. L'Écart, ya 1979, inajionyesha kuwa kaye za kijana Ahmed Nara, msomi anayepotea ndani ya mawazo yake. Shaba deux, ya 1989, ni kaye za mtawa mwafrika wakati wa vita ya Kolwezi ya 1978. Msichana wa kwetu akisoma mtawa yule anavyoandika siku kwa siku, wakati vita inazunguka nyumba, atajua kwamba woga wake si aibu, na kwamba una mahali katika vitabu.

6. Tulichorekebisha

Baada ya kutazama mambo haya tulirudi darasani na kubadili desturi. Tunayaandika hapa ili walimu wengine wasianguke pale tulipoanguka.

Kwanza, tunaanza na hadithi, kaye inafuata. Tunasimulia Mwindo kwa vipande, kisha tunasema: andika barua ambayo Mwindo alimwandikia baba yake akiwa mbinguni kwenye baridi, ao, andika maneno ya Iyangura usiku mtoto alipofika kwake. Mtoto anaandika mambo ya Mwindo. Kama ndani yake kuna mambo yake mwenyewe, hiyo ni kazi yake, hatumwulizi.

Pili, jibu la swali la mzee linatolewa siku ya kwanza. Kurasa iliyokunjwa haisomwi na mtu. Kurasa iliyo wazi inasomwa na mwalimu peke yake, naye anajibu kwa kalamu ya risasi, sentensi moja ao mbili, bila kusahihisha neno. Hakuna kitu kinachosomwa mbele ya darasa, hata kikiwa kizuri namna gani, kama mwenyewe hakuomba.

Tatu, lugha ni ya mwandishi. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inapatia lugha za taifa na lugha za mahali nafasi yao shuleni. Katika kaye hii kila mtu anaandika kwa lugha inayomjia: Kiswahili, Mashi, Kinande, Kilega, Kifaransa, ao zote pamoja. Machozi hayangojei sarufi.

Ine, na hii ni nzito, siri ina mpaka. Tunawaambia mapema: kama maandiko yanaonyesha kwamba mtoto anateswa sasa, ao anataka kujiua, mwalimu hawezi kunyamaza. Lakini atamwita kwanza mtoto mwenyewe na kumwuliza: katika wakubwa unaowajua, tuende kwa nani? Ni kumchagulia masikio pamoja naye.

Tano, hatuachi watoto watoke mara moja kisha kuandika. Mwaka 1986 mwalimu wa saikolojia wa Marekani, James Pennebaker, pamoja na Sandra Beall, waliomba wanafunzi wa chuo kikuu waandike dakika 15 kwa siku nne mfululizo. Walioandika juu ya jambo lililowaumiza pamoja na hisia zao walitoka na huzuni zaidi wakati ule ule. Lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kwa daktari mara chache kuliko wengine. Kuandika kunafungua kidonda mbele ya kukiponya. Kwa hiyo baada ya robo saa ile tunaimba, ao tunatoka uwanjani kucheza mpira. Wazee nao hawakumaliza usiku kwa hadithi ya kilio. Waliongeza moja ya kuchekesha, ndipo watoto walikwenda kulala.

Kwa kumalizia

Msomaji atauliza: na yule kijana? Tulifanya kama desturi inavyotaka. Tulikwenda kwao, kwa nyanya yake, tukiwa na mzee wetu mbele. Aliyesoma kaye alikiri kosa lake kwa kinywa chake, kama Shemwindo, mbele ya kijana na mbele ya nyanya. Nyanya alinyamaza kwanza, kisha akasema: "Mwalimu, sasa murudishie mutoto kitu yake." Tulimrudishia kaye. Aliikunja, akaiweka chini ya shati.

Alimaliza sekondari. Anapotukuta barabarani anatusalimu vizuri, na siku moja alitwambia kwamba kaye ile ilijaa, alinunua ingine. Aliandika nini ndani yake, hatukuuliza.

Tunaomba basi walimu, wazazi na vijana wa chama chetu mambo mawili. Wenye nyanya na babu ambao bado wanasimulia, wakae nao usiku na kuandika hadithi zile, maana katika miaka hii, tangu 1996, familia nyingi zimehama mara kwa mara na moto wa jioni umezimika katika nyumba nyingi. Na wenye kupatia mtoto kaye, mbele ya kumwambia andika, wamwambie kwanza nani atasoma.